Kibubu cha Kidato cha Nne

Machi 17, 2020 serikali ilifunga shule kwa sababu ya korona. Binti yangu alikuwa kidato cha kwanza, hajamaliza hata muhula mmoja, akarudi nyumbani na begi lake lote: madaftari saba, vitabu viwili vya kuazima na kamusi iliyong'oka jalada. Tulikuwa tunakaa Chang'ombe, hapa Dodoma mjini, chumba na sebule. Mimi nauza chapati na maandazi soko la Majengo, na siku hizo wateja walipungua mpaka nikawa nakanda nusu ya unga. Ikifika saa nne asubuhi tuko wote ndani, yeye anasoma, mimi nimekaa.

Nikaanza kumsimamia asije akazembea. Namwambia, "Soma kwa sauti nisikie." Anasoma, simwelewi, maana anasoma kwa Kiingereza. Namwambia, "Haya, nieleze kwa Kiswahili." Anatafuta maneno, anaeleza kidogo kidogo. Siku moja alikuwa ananieleza jinsi majani ya mmea yanavyotengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Akakwama, hajui hilo jambo linaitwaje kwa Kiswahili. Nikamwambia, "Usanisinuru."

"Mama, umejuaje?"

Nilijua kwa sababu nilifundishwa. Nilikuwa darasa la sita, mwalimu wetu wa Sayansi alitutoa nje akatuonyesha jani la mpapai. Miaka ishirini neno hilo lilikuwa kichwani mwangu na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza.

Shule zilipofunguliwa Juni 29, nilikuwa nimeshamaliza madaftari yake ya Uraia, Historia na Jiografia, mengine mara mbili. Jioni ile, alipokuwa anapiga pasi sketi yake ya shule, nikamwambia na mimi nataka kidato cha nne. Hakucheka. Aliniuliza tu, "Utaanzia wapi?" Sikuwa na jibu.

Nirudi nyuma kidogo. Nilimaliza darasa la saba mwaka 2001 katika kijiji ambacho leo kiko wilaya ya Chamwino, wakati ule tukiitwa Dodoma Vijijini. Shuleni kwetu walichaguliwa wavulana wawili. Wakati ule kufaulu na kuchaguliwa vilikuwa kitu kimoja, na nafasi zilikuwa chache kuliko watoto wenye akili. Mpango wa kujenga sekondari kila kata ulianza 2004. Mdogo wangu wa mwisho alimaliza darasa la saba 2007, akaenda kidato cha kwanza kwa miguu, asubuhi anatoka nyumbani, jioni anarudi kula ugali wa uwele. Mimi nilikuwa nimeshapelekwa Dar es Salaam kufanya kazi za ndani, kama wasichana wengi wa Kigogo wa rika langu. Miaka sita tu ndiyo iliyotutenganisha.

Lakini hata kabla yangu kulikuwa na bibi. Bibi yangu hakukanyaga shule utotoni. Alijifunza kusoma na kuandika akiwa na watoto wanne, kwenye kisomo cha ngumbaru, chini ya mbuyu. Mwalimu Nyerere alikuwa ameutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na miaka iliyofuata vijiji vikajaa madarasa ya jioni. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, watu wanakaa kwa vikundi wanasikiliza redio, kisha wanakwenda kuchimba vyoo. Bibi alituhadithia mambo hayo kama mtu anavyohadithia harusi yake. Mpaka anafariki aliandika mwenyewe hesabu za karanga zake kwenye daftari, kwa herufi kubwa zilizolalia kushoto. Kwa hiyo mtu aliponiambia "umri umekwenda, mama", sikuona aibu. Kwetu kusoma ukubwani kuna historia.

Kilichonichoma hasa ni kazi. Serikali ilipohamia Dodoma maofisi yaliongezeka, na kazi za usafi nazo zikaongezeka. Nilifanya usafi kwenye jengo moja miaka miwili, kuanzia 2017. Mkandarasi akabadilika, mpya akaja na masharti yake: kila mfanyakazi alete cheti cha kidato cha nne. Sakafu zilikuwa zilezile, ndoo zilezile, nami nilikuwa sijawahi kuandikiwa barua ya onyo. Tulitolewa watu tisa, wanawake saba. Ndipo nikaingia kwenye chapati.

Basi Julai 2020 nikaanza kuuliza. Nilimuuliza mwalimu mmoja anayenunua maandazi kwangu, akanieleza vizuri kuliko mtu yeyote kabla yake na baada yake. Kwa sababu sikupita sekondari kabisa, siwezi kukurupuka nikafanya mtihani wa kidato cha nne. Naanza na Mtihani wa Maarifa, ule watu wanaouita QT, unaopima mambo ya kidato cha kwanza na cha pili. Nikifaulu, ndipo naruhusiwa kujisajili kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Usajili unafanywa kwenye kituo chenye namba inayoanza na herufi P, na mitihani yote miwili hufanyika Novemba. Mwalimu akanitajia ada: QT ni 30,000, kidato cha nne ni 50,000. Nilikuwa nimejiandaa kusikia laki tano. Nikamwambia kesho nalipa.

"Mama, usajili ulifungwa Machi," akasema.

Usajili wa kawaida ni Januari na Februari. Machi ni ya waliochelewa, wanaolipa na faini: 40,000 kwa QT, 65,000 kwa kidato cha nne. Baada ya hapo mlango umefungwa mpaka mwaka mwingine. Mimi niliamka Julai. Nataka nilitamke hili kwa uchungu ninaousikia hadi leo: watu wazima wengi ninaowafahamu walioshindwa kupata cheti hawakushindwa na ada. Wameshindwa na kalenda. Hakuna anayepita mtaani Januari na kipaza sauti akisema QT imefunguliwa, wakati kila promosheni ya soda tunaijua.

Nilikwenda kwa fundi seremala wa mtaani kwetu akanitengenezea kibubu cha mbao kwa 2,000, chenye mlango mmoja tu wa kuingizia, hakina wa kutolea. Kila siku nikitoka sokoni naweka 500. Hesabu yake ni rahisi: siku 60 ni 30,000, siku 100 ni 50,000. Nilimwambia na mume wangu. Yeye ni fundi ujenzi, wakati huo alikuwa na kibarua huko Mtumba kwenye mji wa serikali. Hakunikataza. Aliuliza, "Mama watoto, ukishakipata hicho cheti utapata nini?" Nikamjibu kwamba sijui, ila najua nilichokosa kwa kutokuwa nacho. Akanyamaza, na wiki ile nikakuta kibubu kizito kuliko nilivyokiacha.

Januari 2021 nikajisajili. Hapo nikajifunza la majina. Cheti changu cha darasa la saba kina majina mawili, kitambulisho cha NIDA kina matatu, na la ukoo limeandikwa kwa herufi tofauti. Jina unalojisajilia ndilo litakalotoka kwenye cheti, kwa hiyo nilitumia siku tatu na nauli za daladala kutengeneza hati ya kiapo kwa wakili. Anayesoma hapa na anafikiria kuanza, atazame majina yake leo, asisubiri Februari.

Halafu nikafanya kosa kubwa. Niliona bango la kituo cha masomo ya jioni, limeandikwa QT kwa herufi nyekundu. Sitakitaja. Mwenye kituo alitaka 120,000 kwa miezi sita, nikazitoa, sehemu kubwa ni mkopo wa kikundi chetu cha VICOBA. Wiki tatu tulifundishwa, tena na kijana aliyejua kazi yake. Wiki ya nne mwalimu hakuja. Wiki ya tano tulikuta kufuli, na bango limeshang'olewa. Tulikuwa kumi na mmoja tumesimama pale nje na madaftari, jua linazama, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuondoka.

Ada ya QT na ya kidato cha nne ukizijumlisha ni 80,000. Mimi nilimpa mtu 120,000 bure, yaani siku 240 za kibubu, kwa sababu sikujua pa kuuliza. Pa kuulizia papo. Kila halmashauri ina Afisa Elimu ya Watu Wazima, na yeye ndiye wa kukwambia kituo gani kimesajiliwa. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1975, ina mpango wake wa sekondari kwa njia huria na masafa: hatua ya kwanza inachukua kidato cha kwanza na cha pili, hatua ya pili cha tatu na cha nne. Mimi nilifahamu haya yote baada ya kuliwa.

Nikarudi kwa mwalimu niliyekuwa naye bure, binti yangu. Tukawekeana utaratibu. Yeye anasoma shuleni, akirudi ananifundisha alichofundishwa siku ile, na asipoweza kunieleza tunajua wote wawili kwamba hajaelewa. Hilo lilimsaidia yeye kuliko mimi, nafikiri. Jirani zangu walikuwa wanasema mtoto anamchosha mama. Hawakujua kwamba alipomaliza kidato cha pili alikuwa ameshafundisha karibu kidato hicho chote.

Muda niliupata kwenye unga. Nyumba yetu ya kupanga ina vyumba sita na LUKU moja, na nilipoanza kuwasha taa mpaka saa sita usiku wapangaji wenzangu walinung'unika, kwa haki, maana tunachanga sawasawa. Nikaacha kusoma usiku. Nikawa naamka saa tisa alfajiri, nakanda. Donge la chapati linataka nusu saa ya kupumzika kabla hujalikata, na unga wa maandazi ukishatiwa hamira unataka saa nzima kuumuka. Zamani nusu saa hiyo nilikuwa nasinzia kwenye kigoda. Sasa ikawa ya Kiswahili, na saa ya hamira ikawa ya Historia. Taa ilikuwa ni ya sola, ile ndogo ya kuning'iniza. Madaftari yangu yote yana madoa ya mafuta pembeni, na ukinionyesha doa naweza kukumbuka nilikuwa nasoma nini: Vita vya Majimaji, mmomonyoko wa udongo, mihimili mitatu ya dola.

Vitabu sikununua vingi. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada kwenye maktaba yake ya mtandaoni, unavisoma bila kulipa, ukiwa na bando. Binti yangu alikuwa ananifungulia kwenye smatifoni ya baba yake siku za Jumapili. Mitihani ya miaka iliyopita nilitoa kopi steshenari, mia moja kwa ukurasa, na hiyo ndiyo hela iliyonifaa kuliko zote. Jumamosi nyingine nilikwenda maktaba ya mkoa kutafuta utulivu tu, nikae mahali ambapo hakuna anayeniita.

Kuna kitu kingine kizuri ambacho watu hawakijui. Baraza la Mitihani linatoa kwenye tovuti yake taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo. Wanaonyesha swali, wanaeleza wengi walikosea wapi na kwa nini, na wanaweka hata majibu halisi ya watahiniwa, mazuri na mabaya. Nilipoona mwandiko wa mtu mwingine aliyekosea kosa langu, nilitulia moyo. Nikagundua kwamba wengi hawaanguki kwa kukosa maarifa. Wanaanguka kwa kutokuelewa swali linataka nini.

Na hapo nafika penye Kiingereza, na nataka nikae hapo.

Shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili. Sekondari, karibu masomo yote isipokuwa Kiswahili chenyewe ni kwa Kiingereza. Mtoto wa miaka kumi na nne anakivuka kidaraja hicho akiwa na walimu na wenzake. Mtu mzima wa QT anaruka bila daraja. Mimi najua mkutano mkuu wa mtaa unaitishwaje, najua kazi za mwenyekiti na za mtendaji, nimewahi kusimama mkutanoni kudai hesabu ya michango ya maji. Swali la Uraia likiniuliza habari hizo kwa Kiswahili ningejaza kurasa mbili. Likija kwa Kiingereza, nilikuwa nalisoma mara nne na bado sijui kama nimeambiwa nitaje au nieleze.

Kwa hiyo nilianzia hapo, kwenye maneno ya kuamrisha. Niliyaandika kwenye kipande cha boksi nikakibandika juu ya jiko: lipi linataka kutaja, lipi kueleza, lipi kutofautisha, lipi kutoa mfano. Kisha nikajifunza kutengeneza sentensi fupi, zisizozidi maneno manane, nisitafute mapambo. Binti yangu alinikataza kutafsiri kichwani. "Mama, usiigeuze. Iandike ilivyo." Ilinichukua mwaka mzima kumwelewa.

Naamini kwa dhati kwamba nchi inapoteza watu hapa. Kuna wanawake sokoni Majengo wanaofahamu kilimo cha zabibu kuliko kitabu chochote cha Jiografia, wanajua kwa nini Hombolo na Mpunguzi mizabibu inakubali, wanajua ukame unavyokuja na unavyoondoka. Wakipewa karatasi ya mtihani wanaonekana hawajui kitu. Sisemi Kiingereza kiondolewe. Nakitaka na mimi, naendelea kukisoma. Nasema mtu mzima apimwe anachokijua kwa lugha anayoijua, na Kiingereza afundishwe kama somo, kwa subira.

Mnisamehe, hata Kiswahili chenyewe kilinitoa jasho. Nilidhani somo hilo ni langu. Nikakutana na mofimu, viambishi awali na tamati, uchanganuzi wa sentensi kwa vielelezo vya matawi, ngeli. Nilikuwa nazitumia ngeli tangu utotoni bila kujua zina majina. Kilichoniokoa ni fasihi simulizi. Vitendawili, ngano, nyimbo za kazi, hayo bibi alinipa yote kwa Kigogo, nami niliyavusha tu.

Hisabati ndilo somo linaloangusha wengi nchini kila mwaka, na mimi sikuwa tofauti. Ila kuna swali moja silisahau. Mtu kanunua bidhaa kwa bei fulani, kaiuza kwa bei fulani, tafuta asilimia ya faida. Nililisoma mara tatu. Nilipoelewa tu wanauliza nini, jibu lilikuja kabla sijashika kalamu, kwa sababu hesabu hiyo naifanya kila siku mbele ya karai. Yaliyobaki kwenye karatasi ile sikuyaweza.

Novemba 2021 nikafanya QT. Msimu uleule binti yangu naye alikuwa kwenye mtihani wa taifa wa kidato cha pili. Nyumbani hakukupikwa kitu cha maana wiki hizo; mume wangu alipika wali na maharage siku tisa mfululizo na hakuna aliyelalamika. Matokeo yalitoka Januari 15, 2022. Tulifaulu wote wawili.

Nilitaka kwenda kidato cha nne mwaka uleule. Mwalimu wangu wa maandazi akanizuia, akasema mambo ya kidato cha tatu na cha nne si ya kulipua, nijipe miaka miwili. Nilimsikiliza. Februari 2023 kibubu kilikuwa na upungufu, kwa kuwa mtoto wetu mdogo aliugua Desemba na kikapasuliwa. Zabibu zilikuwa zinavunwa Mpunguzi. Nikawaachia wenzangu meza, nikaenda vibarua siku nne, mikono imeganda utomvu na vumbi, nikarudi na kilichopungua. Nililipa zikiwa zimebaki siku mbili usajili wa kawaida ufungwe.

Ukumbi wa mtihani ulinishangaza. Nilijiandaa kuwa mzee peke yangu. Nikakuta walinzi waliotoka lindo asubuhi, mama mwenye mtoto mchanga aliyemwacha kwa dada yake nje ya geti, baba mmoja mwenye mvi ambaye kila siku alikuja na shati lilelile jeupe limepigwa pasi, na vijana wengi wanaorisiti, yaani wanaorudia mtihani. Hao vijana ndio walionifundisha jambo ambalo hakuna kitabu kilisema: usiache swali tupu. D inaanzia alama 30, na alama mbili mbili za kubahatisha kwa akili zinaweza kukufikisha. Novemba ya Dodoma ni joto na upepo wa vumbi, mvua bado, karatasi zinataka kuruka. Tuliwekea mawe madogo juu yake.

Binti yangu alikuwa anafanya mtihani huohuo shuleni kwake. Tulikuwa tunaachana asubuhi njia panda, kila mtu na rula yake.

Januari 25, 2024 matokeo yakatoka. Ya kwake tuliyaona kwanza: divisheni tuu. Nililia sana, nikasahau kwamba na mimi nina namba. Yeye ndiye aliyeitafuta. Ukurasa ulikuwa mzito kufunguka, tukasubiri, ikatokea: herufi F ya jinsia, pointi 31, divisheni foo, ya mwisho katika kufaulu. Kiswahili C, Uraia D, Historia D. Jiografia, Kiingereza, Biolojia na Hisabati, F.

Kwa lugha ya mtaani nilikuwa nimepata cheti. Majirani walikuja kunipongeza, na nilipika pilau. Lakini kusoma astashahada vyuoni wanataka ufaulu wa masomo manne, bila kuhesabu masomo ya dini. D nne, kama tunavyosema. Mimi nilikuwa na matatu. Alama chache za Jiografia ndizo zilizonizuia mlangoni, somo la mvua na udongo, mimi mtoto wa mkulima wa uwele.

Niliumwa siku mbili, kuumwa kweli, kichwa na tumbo. Siku ya tatu ilikuwa bado Januari. Safari hii kalenda ilikuwa upande wangu. Nikajisajili tena, nikaweka nguvu kwenye Jiografia na Kiingereza. Ramani ndiyo iliyokuwa inaniangusha, kusoma mistari ya kontua na kupima umbali kwa skeli. Binti yangu, aliyekuwa nyumbani akisubiri kidato cha tano, alinichorea Mlima wa Simba wa hapa Dodoma kwenye daftari kama ramani ya kontua, tukaenda kuutazama kwa macho, kisha tukarudi kwenye karatasi. Baada ya hapo nilielewa kwa nini mistari inakaribiana.

Januari 23, 2025 matokeo yakatoka: Jiografia D. Kiingereza bado F. Nina D nne zangu, moja ikiwa C. Kuna Chuo cha Serikali za Mitaa kule Hombolo, na maombi ya vyuo yakifunguliwa jina langu litakuwemo. Ada ya chuo haifanani na ya mtihani, kibubu cha mia tano hakiwezi kuifikia. Tumekaa na mume wangu tukaanza kuongea habari ya kuuza kiwanja kidogo tulichonacho, hatujakubaliana. Nitaandika tutakapofika.

Wiki hii ya Februari 2025, lakini, kichwa changu kiko kwa mwenzangu wa meza ya pembeni, anayeuza mlenda na mchicha. Alimaliza darasa la saba 1998. Mwaka jana alikuwa ananisikiliza tu nikisoma kwa sauti wateja wakipungua, na mwezi wa kumi alikuja na kibubu chake cha bati, cha kopo la maziwa, kimetobolewa kwa kisu. Juzi alikifungua juu ya meza yangu, tukahesabu sarafu na noti zilizokunjwa. Zilikuwa 21,500.

"Dada, leo tarehe ngapi?" akaniuliza.

Nikamwambia kumi na mbili. Usajili wa kawaida unafungwa ishirini na nane. Baada ya hapo ni 40,000.

Akazirudisha sarafu kwenye kopo, akaacha 500 mkononi. "Mbili mbili kwa siku, basi," akasema, maana yake mia tano mbili. Siku kumi na sita mara elfu moja. Tulihesabu mara mbili, kwa vidole na kwa simu. Cheti chake cha darasa la saba kiko kijijini Mvumi kwa kaka yake, atakifuata Jumamosi, na nimemwambia akifika kitu cha kwanza atazame jina limeandikwaje.